Kocha Mkuu Akiwa Kijana: Kinachokabidhiwa Pamoja na Filimbi

Katika shule za sekondari za Marekani si ajabu kumkuta kocha mkuu wa mieleka mwenye umri wa miaka 24 au 25, kijana ambaye misimu michache tu iliyopita alikuwa yeye mwenyewe akipanda mizani ambayo leo anaisimamia. Mzazi aliyelelewa mahali ambapo ukubwa hufuata umri humtazama kijana huyo, filimbi shingoni, akajiuliza ni nani aliyemkabidhi watoto wote wale. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba anaijua mieleka. Jibu hilo ni la kweli, lakini linaficha mengi, kwa kuwa kujua mieleka ni sehemu ndogo ya kuendesha programu ya mieleka, na anayepewa cheo hicho katika umri huo kwa kawaida amejizoeza sehemu hiyo ndogo peke yake.

Kwanza inafaa tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana kwa wasomaji wengi neno mieleka huleta picha ya majitu ya televisheni yanayorushana kwenye kamba. Mieleka ya shuleni ni kitu kingine kabisa. Vijana wawili wa uzani mmoja hukutana juu ya mkeka, yaani godoro pana na gumu la povu lenye duara katikati, na hupambana kwa vipindi vitatu vya dakika mbili kila kimoja. Alama hupatikana kwa kumwangusha mwenzako, kwa kutoroka mikononi mwake, kwa kumgeuza mtu aliyekuwa juu akawa chini, na pambano humalizika papo hapo ukimlaza chali mabega yote mawili yakatulia juu ya mkeka kwa sekunde mbili. Mtindo huu ni wa Marekani wenyewe, haufanani sana na ule wa Olimpiki, na unathamini kumdhibiti mpinzani chini kuliko kumrusha kwa urembo. Msimu huanza Novemba na kuishia Februari au mapema Machi kwa fainali za jimbo, ambazo huko Pennsylvania, Ohio, New Jersey na Iowa hujaza kumbi kubwa kabisa. Katika mwaka wa shule wa 2023–2024 walishiriki zaidi ya wavulana 290,000 na wasichana 64,000.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kocha kijana hukutana nayo kabla ya jambo lingine lolote. Shule mbili zinapokutana, mapambano hupangwa kwa madaraja ya uzani. Mpangilio mpana zaidi una madaraja 14, kuanzia ratili 106, ambazo ni kama kilo 48, hadi ratili 285, karibu kilo 129. Ushindi wa kawaida huipa timu alama 3, ushindi mkubwa zaidi alama 4 au 5, na kumlaza mtu chali alama 6. Daraja lisilo na mtu huwapa wapinzani ushindi wa mezani, nao pia una thamani ya alama 6. Sasa chukua shule ndogo yenye madaraja matatu matupu: imeshafungwa alama 18 kabla mwamuzi hajapuliza filimbi, na ili kuzirudisha inahitaji kushinda mapambano sita ya kawaida bila kupoteza hata moja. Kocha anaweza kuwa fundi wa kuwafundisha vijana kumi na mmoja waliopo, na bado akapoteza kila Alhamisi kwa sababu ya wale watatu ambao hawakuja kamwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kocha mkuu hufanyika mbali na mkeka. Hufanyika kwenye korido za shule, kwenye foleni ya chakula, na kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu ambako kuna mvulana mwembamba ambaye hatapata nafasi lakini angelifaa sana daraja la ratili 106. Hufanyika katika shule ya kati, ambako watoto wa miaka 12 na 13 wanachagua mchezo wa kuutia moyoni, na katika klabu za watoto ambako wengine huanza wakiwa na miaka mitano au sita. Programu ni mnyororo huo mzima. Kocha mkuu wa sekondari hulaumiwa au kusifiwa kwa pete ya mwisho, ilhali pete ya kwanza iliunganishwa miaka minane nyuma, mara nyingi na mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwa nini basi mnyororo huo ukabidhiwe kijana? Sababu kubwa ni ukavu wa kazi yenyewe. Katika shule nyingi za umma ukocha si ajira, ni posho inayoongezwa juu ya mshahara wa mwalimu. Tuchukue, kwa mfano tu, posho ya dola 5,000 kwa msimu wa wiki 16, na saa 30 kwa wiki ukijumlisha mazoezi ya kila alasiri, safari za basi, na Jumamosi zinazoanza saa kumi na moja alfajiri na kumalizika usiku: inapatikana saa 480, na malipo ya dola 10 na kidogo kwa saa. Mwalimu mwenye watoto wadogo nyumbani huipiga hesabu hiyo na kuacha. Mwenye umri wa miaka 50 huongeza magoti na mgongo, kwa sababu mchezo huu hufundishwa kwa mwili, kocha akiingia yeye mwenyewe kwenye mkeka kuonyesha jinsi mkono unavyoshika kisigino. Anayebaki ni kijana asiye na familia, aliyetoka chuo kikuu juzi, ambaye bado ana pumzi, na ambaye mara nyingi alisoma shule hiyohiyo. Wakuu wa shule hupenda kusema kwamba wamechagua damu changa. Katika hali nyingi naona kwamba hakukuwa na foleni ya kuchagua.

Haimaanishi kwamba kijana ni chaguo baya. Anaijua mbinu inayotumika sasa na anaweza kuionyesha kwa kasi yake halisi, na mvulana wa miaka 16 humwamini mtu ambaye jasho lake limelowanisha mkeka uleule. Lakini kuna jambo moja ambalo ujana hulipokea vibaya, na hilo ni uzani.

Kwa vizazi vingi wanamieleka wa Marekani walijipunguza kwa kujinyima maji, kukimbia wakiwa wamevaa nguo za mpira, kukaa kwenye chumba cha mvuke, na kutema mate kwenye chupa hadi mizani ikubali. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa wiki tano hivi, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki wakijaribu kupunguza uzani kwa njia za namna hiyo, mmoja North Carolina, mwingine Wisconsin na mwingine Michigan. Kanuni za vyuo zilibadilishwa haraka, na za sekondari zikafuata. Tangu msimu wa 2006–2007 shirikisho la kitaifa la michezo ya sekondari limezitaka shule kuwa na mpango rasmi wa kudhibiti uzani. Kabla ya msimu kila mwanamieleka hupimwa mkojo ili kuhakikisha mwili una maji ya kutosha, kisha hupimwa mafuta ya mwili, na kutokana na vipimo hivyo huwekewa uzani wa chini kabisa anaoruhusiwa kushindania, kwa msingi wa mafuta yasiyopungua asilimia 7 kwa wavulana na asilimia 12 kwa wasichana. Akitaka kushuka, haruhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzani wake kwa wiki. Kwa kijana wa ratili 150 hiyo ni ratili mbili na robo, karibu kilo moja. Vyumba vya mvuke na nguo za mpira vimepigwa marufuku.

Kanuni hizo ni nzuri, lakini kati ya kipimo kimoja na kingine yupo kocha. Kocha aliyezaliwa mwaka 2000 hakuziona habari za 1997. Kwake mpango wa uzani ni fomu iliyokuwapo tangu zamani, mojawapo ya fomu nyingi. Wakati huohuo mwili wake mwenyewe una kumbukumbu nyingine. Anakumbuka usiku aliolala bila chakula akaamka akashinda, na kumbukumbu ya ushindi huvaa sura ya hekima. Mvulana anapomwambia, “Kocha, nimebakiza ratili tatu, na kesho ni mizani,” hapo ndipo ujuzi wa mwanamieleka na wajibu wa mtu mzima hugongana. Jibu sahihi ni kumwambia apande daraja la juu, hata kama timu itapoteza alama, na kumpigia simu mzazi wake jioni hiyohiyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hakuna kosa lingine la kocha kijana linaloweza kugharimu kiasi hicho, na kwa sababu halitokani na ukatili. Hutokea kwa mtu anayewapenda vijana wake na kuwapa kile alichodhani kilimjenga yeye.

Ngozi ni jambo dogo kulitaja na kubwa kulipuuza. Watu wanaosuguana mashavu na shingo kila siku huambukizana choa, malengelenge ya virusi vya hepesi, na majipu ya bakteria sugu. Mkeka husafishwa kwa dawa kila siku, nguo hufuliwa kila siku, ngozi hukaguliwa kabla ya mashindano, na mwenye kidonda cha kutilia shaka hapigani mpaka daktari atie sahihi kwenye fomu maalumu. Kocha mwenye wasaidizi huwagawia kazi hiyo. Kocha kijana wa shule ndogo huipigia deki mikeka mwenyewe baada ya wote kuondoka.

Iko karibu na hilo pia sheria ya kichwa. Jimbo la Washington lilipitisha mwaka 2009 sheria ya kwanza ya kuwalinda wanamichezo wanafunzi dhidi ya mtikisiko wa ubongo, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Mwanafunzi anayeshukiwa kuumia kichwa hutolewa mchezoni na harudi bila idhini ya mtaalamu wa afya. Kumtoa kijana aliyebakiza pambano moja kufika fainali, huku baba yake akipiga kelele kutoka jukwaani kwamba mtoto hana neno, kunahitaji aina ya ushupavu ambayo haifundishwi kwa kuangushana.

Sasa tuje kwenye umri wenyewe. Kati ya kocha wa miaka 24 na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye miaka 18 kuna miaka sita tu, tofauti ambayo katika familia zetu ni ya kaka na mdogo wake. Huenda mwanafunzi huyo alimjua kwanza kama rafiki wa kaka yake, akamwita kwa jina lake la kwanza, wakacheza pamoja michezo ya video. Septemba anatakiwa amwite Kocha. Wengi hujaribu kuuvuka ukingo huo kwa urafiki: wanapiga soga za usiku kwenye simu, wanacheka utani wasiopaswa kuucheka, wanamrudisha mmoja nyumbani kwa gari wakiwa wawili tu. Hakuna ubaya uliokusudiwa, lakini kila kimoja cha hivyo kinabomoa ukuta unaomlinda mtoto na kumlinda kocha pia. Utaratibu mzuri unajulikana na hauna gharama: ujumbe wote upite kwenye kundi ambamo mtu mzima mwingine yumo, mazungumzo ya faragha yafanyike mlango ukiwa wazi, na mwanafunzi asipandishwe gari peke yake. Katika majimbo mengi walimu na makocha wanabanwa na sheria kuripoti dalili za unyanyasaji wa mtoto, na kijana anayetaka kuwa mwandani wa wanafunzi wake anaweza kujikuta amebeba siri ambayo haruhusiwi kuitunza.

Upande wa pili wa ukaribu huo ni mashindano. Kocha kijana bado ana uwezo, na chumba cha mazoezi kinamkaribisha kuutumia. Kumwangusha mvulana mara kumi kwa dakika tano hakumfundishi yule mvulana lolote, isipokuwa kwamba kocha ana nguvu. Ufundi wa kufundisha ni kumpa upinzani uliopimwa, ajikwae, ajue alipojikwaa, arudie. Kwa mtu aliyezoea kushinda miaka kumi na mitano mfululizo, kuachia kuangushwa kwa makusudi ni somo gumu kuliko mbinu yoyote. Wanaolijifunza mapema hudumu.

Waswahili husema ukubwa ni jaa, kwa kuwa kila taka hutupwa hapo. Kocha mkuu kijana mara nyingi ana wasaidizi wanaomzidi umri, mmoja wao pengine ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu vya mieleka. Mzee huyo akimsahihisha mbele ya wanafunzi, kijana hawezi kumfokea na hawezi pia kunyamaza msimu mzima. Kinachofaa, kwa kadiri ninavyoona, ni kumgawia mzee himaya yake iliyo wazi, kwa mfano vijana wa mwaka wa kwanza au madaraja ya uzani wa juu, na kumwomba ushauri faraghani kabla hajautoa hadharani. Wazazi nao ni mzigo wa aina yake. Kuna baba ambaye amelipa ada za klabu na mahoteli ya mashindano kwa miaka kumi, na mbele yake amesimama mtu ambaye miaka hiyo yote ilianza akiwa yeye mwenyewe ni mvulana. Mieleka ina bahati moja ambayo mpira wa miguu hauna: ugomvi kuhusu nani apate nafasi unaweza kuamuliwa kwa pambano la mchujo kati ya wenzi wa timu moja. Lakini mchujo humwokoa tu kocha aliyeandika masharti yake mapema, yaani unafanyika lini, mara ngapi, na aliye mgonjwa siku hiyo anafanyiwaje, kisha akayasoma kwenye mkutano wa wazazi wa Novemba kabla hajajua ni mtoto wa nani atakayeshindwa.

Wasichana wameibadilisha kazi hii kuliko jambo lingine lolote la miaka ya karibuni. Mwaka 1994 walihesabiwa wanamieleka wasichana 804 katika sekondari zote za nchi. Hawaii ikawa jimbo la kwanza kuwaandalia mashindano rasmi ya jimbo mwaka 1998, na sasa majimbo mengi yanayo. Hapa ujana ni faida halisi. Kocha wa miaka 25 alikua akimwona msichana chumbani mwa mazoezi, na hamhesabu kuwa mgeni. Hata hivyo programu ya wasichana si nyongeza ya ile ya wavulana. Inahitaji ratiba yake, wasaidizi wake, nguo zake, mahali pa kubadilishia nguo, na uelewa wa uzani unaozingatia mwili wa kike, na shule inayomwongezea kijana yuleyule timu ya pili kwa posho ileile inajidanganya kwamba imefungua mlango. Mahali ambapo mlango umefunguliwa kweli, wanawake vijana waliopigana shuleni na vyuoni wameanza kurudi wakiwa makocha wakuu.

Anayetetea uteuzi wa vijana hupenda kumtaja Dan Gable, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 bila kufungwa hata alama moja, akashika timu ya mieleka ya Chuo Kikuu cha Iowa akiwa na miaka 28 na kuipa ubingwa wa taifa mara 15 katika misimu 21. Humtaja pia Cael Sanderson, ambaye hakushindwa katika mapambano 159 ya chuo na akawa kocha mkuu wa Iowa State, chuo kikuu kingine cha jimbo hilohilo, mwaka 2006 kabla hajatimiza miaka 30. Mifano hiyo ni ya kweli, ila husimuliwa nusu. Hivyo ni vyuo, vyenye wasaidizi wa kulipwa, madaktari na fedha, na Gable alikaa miaka minne akiwa msaidizi kabla ya kukabidhiwa timu. Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni mtu aliyemfundisha Gable mwenyewe katika sekondari ya West mjini Waterloo, Iowa. Bob Siddens alianza kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa bado kijana, akakaa hadi 1977. Gable alipita mikononi mwake bila kushindwa pambano hata moja, lakini kilichojenga programu ile ni kwamba mwalimu yuleyule alikuwapo kwa kizazi kizima, akiwapokea wadogo wa wale aliowahitimisha.

Waterloo ya leo ina familia zilizotoka Kongo, na Kiswahili kinasikika katika mitaa yake kama kinavyosikika Cedar Rapids na Des Moines. Mzazi wa huko anayeletewa fomu ya mieleka ana haki ya kuuliza maswali ambayo hayahusu medali za kocha: ni mtu mzima gani mwingine huwa chumbani wakati wa mazoezi, nani hupima uzani na mara ngapi, simu itapigwa kwa nani mtoto akiumia ugenini, na mkurugenzi wa michezo wa shule hufika mazoezini lini. Kocha kijana aliyejiandaa hujibu bila kukasirika, na huyo ndiye wa kumwamini mtoto.

Mkurugenzi huyo ndiye ninayemlaumu zaidi mambo yanapoharibika. Kumpa mtu wa miaka 24 funguo za ukumbi na mafunzo ya mtandaoni ya huduma ya kwanza, kisha kumwita ofisini siku mzazi anapolalamika, si kumwajiri kocha. Kijana anahitaji mtu wa makamo aliyewahi kuishika kazi hiyo, pengine kutoka shule nyingine ili pasiwe na kivuli cha mtangulizi, ambaye anaweza kumpigia simu saa nne usiku. Anahitaji katibu wa kushughulikia basi na ada za mashindano, na kamati ya wazazi ya kuuza vyakula siku za mapambano ya nyumbani ili fedha zisipite mfukoni mwake. Anahitaji pia ahadi ya miaka mitatu au minne, kwa sababu mtoto aliyemvuta kutoka shule ya kati mwaka wake wa kwanza hatafika kidato cha mwisho kabla ya muda huo.

Mikeka hukunjwa Machi. Wiki inayofuata kocha anayekusudia kubaki huwa na daftari lenye majina ya wanafunzi wa darasa la nane, uzani wao wa kukadiria, na namba za wazazi wao, na mbele ya kila daraja lililokuwa tupu Februari amejaribu kuandika jina moja.